Jinsi ya Kuitumia Tovuti Kumwandaa Mgonjwa wa Upasuaji wa Siku Moja

Upasuaji wa siku moja ni ule ambao mgonjwa huingia, hupasuliwa na kurudi nyumbani bila kulala wodini. Mtoto wa jicho, ngiri ya kinena, uvimbe mdogo wa titi, uchunguzi wa goti kwa kamera, kufunga kizazi: kazi nyingi ambazo zamani zilimlaza mtu siku kadhaa sasa huanza na kukamilika kati ya asubuhi na alasiri. Mabadiliko hayo ni ya heri kwa mgonjwa, lakini yamehamisha kazi. Usiku wa kwanza baada ya upasuaji, ambao zamani ulikuwa wa muuguzi wa zamu, sasa ni wa mke, mume, dada au mtoto mkubwa aliye nyumbani, ambaye hakusomea uuguzi na ambaye mara nyingi hakuwapo wakati maelekezo yalipotolewa.

James Nicoll, daktari wa upasuaji wa Glasgow, aliliona jambo hili mapema. Mwaka 1909 alitoa taarifa ya upasuaji 8,988 uliofanywa kwa wagonjwa wa nje, wengi wao watoto wadogo, na akasisitiza kwamba mtoto mchanga hutunzwa vizuri na mama yake nyumbani, mradi wauguzi wamfuate huko. Leo ni vituo vichache vinavyoweza kumtuma muuguzi katika kila nyumba. Kinachoweza kufika ni maneno, na maneno ya mdomo hayadumu. Mtafiti Roy Kessels alieleza katika makala ya mwaka 2003 kwamba kati ya asilimia 40 na 80 ya maelezo ya kitabibu husahauliwa papo hapo, na kwamba karibu nusu ya yale yanayokumbukwa hukumbukwa isivyo sahihi. Mgonjwa aliyetoka kuzinduka kwenye usingizi wa dawa yuko katika hali ngumu zaidi ya hiyo, kwa kuwa anaweza kuitikia kila analoambiwa na jioni asikumbuke hata kwamba aliambiwa.

Mwongozo huu ni kwa wauguzi, madaktari na wasimamizi wa kliniki wanaotaka kutumia tovuti kuziba pengo hilo. Umejengwa juu ya rai moja: ukurasa wa mgonjwa upangwe kwa kufuata saa zake, na usipangwe kwa kufuata idara za hospitali wala majina ya magonjwa. Mtu anayesoma usiku wa kuamkia upasuaji hana haja ya historia ya ngiri. Anataka kujua kama anaruhusiwa kunywa maji.

Hatua ya kwanza: chora saa za mgonjwa

Kabla ya kuandika neno lolote, chukua karatasi na upige mstari unaoanzia siku mgonjwa anapopewa tarehe na kuishia siku anaporuhusiwa kurudi kazini. Weka alama kila mahali ambapo mgonjwa atalazimika kufanya uamuzi akiwa peke yake. Utaona kwamba alama hazikutawanyika sawasawa. Nyingi hujikusanya mahali panne: wiki moja kabla, anapojiuliza kuhusu dawa anazotumia kila siku; jioni na alfajiri ya siku yenyewe, kuhusu chakula, maji na kuoga; usiku wa kwanza nyumbani, kuhusu maumivu na damu; na kati ya siku ya pili na ya tano, anapolitazama jeraha na kushindwa kujua kama wekundu anaouona ni wa kupona au wa kuoza.

Chanzo bora cha kujaza mstari huo ni simu zinazopigwa wodini. Wekeni daftari karibu na simu kwa wiki chache, na kila anayepokea aandike swali kwa maneno yaleyale ya aliyepiga, pamoja na saa. Msiyasafishe maswali hayo. Mtu akisema, "Bandeji imelowa maji mekundu, nibadilishe au niache?", hilo ndilo liwe kichwa cha aya kwenye tovuti, kwa sababu ndivyo msomaji mwingine atakavyolitafuta. Wataalamu tukikaa mezani na kubuni maswali ya wagonjwa, aghalabu tunabuni yale tunayopenda kuyajibu.

Hatua ya pili: amua yapi utayaazima na yapi utayaandika mwenyewe

Si lazima kila kituo kiandike upya maelezo ya mtoto wa jicho ni nini. Maelezo ya jumla kuhusu ugonjwa, aina za ganzi na namna upasuaji unavyofanyika yanaweza kuazimwa kwa kumpa mgonjwa kiungo cha tovuti ya kuaminika. MedlinePlus, kwa mfano, inaendeshwa na Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani tangu mwaka 1998, haibebi matangazo ya biashara, na imepanga mada zake kwa ajili ya wagonjwa na familia zao. Hata hivyo, usimpe mtu kiungo ambacho hujakisoma chote, kuanzia juu hadi chini, ukiwa na mgonjwa fulani akilini.

Unapoipima tovuti, uliza nani ameandika na ana ujuzi gani, tarehe ya mapitio ya mwisho ni ipi, nani analipia, na kama madhara yametajwa kwa uwazi uleule uliotumika kutaja faida. Ukurasa usiotaja hatari hata moja ni tangazo, hata kama umeandikwa kwa lugha ya hospitali. Wanaotaka kipimo rasmi wanaweza kutumia DISCERN, chombo cha maswali 16 kilichochapishwa Uingereza mwaka 1999 kwa ajili ya kupima maelezo yanayohusu uchaguzi wa tiba. Alama ya HONcode, ambayo kwa miaka mingi ilibandikwa kwenye tovuti za afya kama cheti cha uaminifu, isiwe tena kigezo chenu, kwa kuwa taasisi iliyokuwa ikiitoa, Health On the Net ya Geneva, ilifunga shughuli zake mwishoni mwa 2022. Ukiiona bado ipo mahali, inakuambia tu kwamba ukurasa huo haujasafishwa kwa muda mrefu.

Yapo ambayo hayaazimwi kamwe: saa ya mwisho ya kula, dawa za kuacha, mlango wa kuingilia, namba ya kupiga usiku, na siku ya kutoa nyuzi. Hayo ni ya kituo chenu na ya timu yenu. Hatari kubwa hapa ni mgongano, kwa maana mgonjwa akisoma kwenu kwamba asile kuanzia saa fulani, kisha kiungo mlichompa wenyewe kikamwambia saa nyingine, atachagua ile inayompendeza. Andikeni juu kabisa, kwa herufi zinazoonekana, kwamba maelekezo ya kituo chenu yakitofautiana na ya tovuti nyingine, afuate ya kwenu, na akiwa na shaka apige simu.

Hatua ya tatu: andika maelekezo ya kabla ya upasuaji, na utoe sababu

Kufunga kula ndiko kunakostahili nafasi kubwa kuliko jambo jingine lolote, kwa kuwa kukosea hapo ndiko kunakoahirisha upasuaji asubuhi yenyewe na ndiko kunakoweza kumdhuru mtu pasipo kukusudia. Miongozo ya Jumuiya ya Madaktari wa Nusukaputi ya Marekani, ambayo hutumiwa sana, inaruhusu mtu mwenye afya njema anywe vimiminika angavu hadi muda wa saa mbili kabla ya nusukaputi, yaani usingizi wa dawa. Kwa maziwa ya mama ni muda wa saa nne, kwa maziwa ya kopo au mlo mwepesi ni saa sita, na kwa vyakula vya mafuta au nyama huenda ukahitajika muda wa saa nane au zaidi. Kimiminika angavu ni kile unachoweza kuona kupitia ndani yake: maji, chai ya rangi, maji ya tunda yasiyo na nyama ya tunda. Chai ya maziwa haimo, na jambo hilo liandikwe wazi, kwa sababu watu wengi huihesabu kama kinywaji tu na hawaioni kuwa ni chakula.

Usiandike "usile kwa saa sita kabla ya upasuaji" ukaishia hapo. Msomaji anaweza kuelewa saa sita ya usiku, au akahesabu kuanzia saa aliyoambiwa kufika hospitalini badala ya saa ya kupasuliwa. Mfanyieni hesabu. Ikiwa upasuaji umepangwa saa 3 asubuhi, ukurasa useme: mlo wako wa mwisho uwe wa jioni, ukiamka usiku usile chochote, maji unaruhusiwa hadi saa 1 asubuhi, na baada ya hapo hata tone usinywe. Pale ambapo simu huonyesha saa kwa namna nyingine, andikeni zote mbili, kwa mfano "saa 1 asubuhi (07:00)". Ikiwa kila mgonjwa hupewa saa yake, wekeni nafasi katika karatasi au ujumbe ambamo muuguzi ataijaza, na ukurasa ueleze kanuni.

Kisha toeni sababu. Semeni kwamba dawa ya nusukaputi hulegeza misuli inayozuia chakula kisirudi kooni, na kwamba chakula kikipanda kinaweza kuingia mapafuni na kuhatarisha maisha. Mzazi asiyejua hivyo atamwonea mtoto huruma alfajiri na kumpa uji kidogo, naye atakuwa ametenda kwa upendo mtupu. Mzazi anayejua atavumilia kilio. Pia elezeni upande wa pili, kwamba kukaa na kiu tangu jioni iliyotangulia hakuna faida yoyote, kwani kuna wagonjwa watiifu mno wanaofika wakiwa na kichwa kinachouma na mishipa isiyoonekana kwa sababu waliacha maji mapema kupita kiasi.

Kuhusu dawa, uangalifu unahitajika zaidi, na hapa nashauri tovuti iseme machache. Usiandike orodha ya dawa za kuacha na idadi ya siku, kana kwamba inamhusu kila anayesoma. Mtu anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, kwa sababu ya vali ya moyo iliyotengenezwa na mtu anayeitumia kwa sababu nyingine hawapewi maelekezo sawa, na kuiacha bila mpango kunaweza kuleta kiharusi. Kazi ya tovuti iwe kumfanya mgonjwa aseme anatumia nini. Yatajeni makundi kwa lugha anayoitambua: dawa za kuzuia damu kuganda, ikiwemo aspirini, dawa na sindano za kisukari, dawa za shinikizo la damu, sindano za kupunguza uzito, dawa za mitishamba na virutubisho. Sindano za aina ya semaglutidi zinahitaji kutajwa waziwazi, kwa kuwa huchelewesha chakula kutoka tumboni, na mtu aliyefunga kula kwa muda wote ulioagizwa anaweza bado kuwa na chakula tumboni. Vidonge vya kisukari vya jamii ya empagliflozini navyo huwa vinasimamishwa siku kadhaa kabla, hivyo mgonjwa akitaja dawa zake siku ya upasuaji muda utakuwa umeshapita. Ndiyo maana sehemu hii imfikie wiki moja kabla au mapema zaidi, ikiwa na sentensi moja ya amri: usiache wala usiendelee na dawa yoyote kati ya hizi kabla hujazungumza nasi.

Msindikizaji pia asiachwe kuwa mstari mmoja mwishoni. Aliyepewa nusukaputi au dawa za kumtuliza anahitaji mtu mzima wa kumpeleka nyumbani na wa kukaa naye hadi asubuhi. Kwa muda wa saa 24 asiendeshe gari wala pikipiki, asitumie mashine, asinywe pombe, na asitie saini mkataba wowote. Wagonjwa wengi husoma haya na kudhani kwamba dereva wa kukodi anatosha. Hatoshi, kwa sababu dereva humshusha na kuondoka. Andikeni hivyohivyo.

Yaliyosalia ya siku ile, kama vile kuoga, kuvua mapambo, kuondoa rangi ya kucha ili kipima oksijeni cha kidoleni kisome vizuri, na nyaraka za kubeba, yanatosha kuwekwa katika orodha fupi ya kukagua kabla ya kutoka nyumbani.

Hatua ya nne: mwandikie anayekesha

Ukurasa wa usiku wa kwanza usiandikwe kwa mgonjwa. Andika kwa yule anayekaa naye, kwa sababu mgonjwa atakuwa amelala au ana kizunguzungu. Anza na yale yaliyo ya kawaida, ili hofu ipungue: usingizi mzito, koo kuwasha baada ya mpira wa kupumulia, kichefuchefu, doa la damu kwenye bandeji lisilopanuka, mkono au mguu uliokufa ganzi. Kwa aliyechomwa ganzi ya mishipa ya fahamu, eleza kwamba kiungo hicho kinaweza kukaa bila hisia hadi siku nzima, kwa hiyo kikingwe dhidi ya moto, maji ya moto na kugongwa, na kwamba dawa ya maumivu ianze kumezwa kabla ganzi haijaisha. Wengi hungoja hadi maumivu yawe makali, na kufikia hapo vidonge huchelewa kuyashika.

Katika dawa za maumivu kuna mtego mmoja unaostahili aya yake. Parasetamoli kwa mtu mzima mwenye afya isizidi gramu 4 kwa muda wa saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na watu wadogo wa mwili au wenye ugonjwa wa ini hupewa kiasi pungufu. Lakini parasetamoli imo pia ndani ya dawa nyingi za mafua na ndani ya vidonge vya mchanganyiko, hivyo mtu anaweza kuimeza mara mbili bila kujua. Wekeni picha ya jina lilivyoandikwa kwenye boksi na mwelekeze msomaji alitafute katika kila dawa iliyopo nyumbani. Wale wanaopewa dawa kali za jamii ya mofini waambiwe pia habari ya kufunga choo, na kwamba usingizi usioamshika ni dharura.

Dalili za hatari ziwe katika ngazi mbili, na kila ngazi iwe na tendo moja tu. Ngazi ya kwanza ni kwenda idara ya dharura mara moja: kupumua kwa shida, maumivu ya kifua, damu isiyokoma baada ya kukandamizwa mfululizo kwa dakika 10, kuzirai au kutoamshika. Ngazi ya pili ni kupiga simu sasa hivi, hata kama ni usiku: joto la mwili la nyuzi 38 au zaidi, wekundu unaosambaa, usaha, kutapika kila kinachoingia, kushindwa kukojoa huku tumbo la chini likijaa, maumivu yanayozidi licha ya dawa, au kigimbi cha mguu mmoja kuvimba na kuuma. Kisha ziongezeni zile za upasuaji husika; aliyetolewa mtoto wa jicho, kwa mfano, aambiwe kwamba jicho linalouma sana au uoni unaofifia ghafla si jambo la kungoja siku ya kliniki. Epukeni sentensi ya "muone daktari ukiona dalili yoyote isiyo ya kawaida." Inamlinda aliyeiandika tu. Anayekesha hajui kawaida ni ipi, na ndiyo maana amefungua ukurasa.

Hatua ya tano: ufanye ukurasa usomeke kwa simu, usiku, na kwa macho dhaifu

Sentensi za ukurasa wa mgonjwa ziwe fupi kuliko hizi ninazoandika hapa. Tumieni vitenzi vya kuagiza: kunywa, acha, piga, bonyeza. Neno la kitaalamu likiwa halikwepeki, lielezwe palepale linapotokea mara ya kwanza. Chombo kiitwacho PEMAT, kilichotolewa na wakala wa serikali ya Marekani unaosimamia ubora wa huduma za afya, hutoa alama mbili tofauti kwa maandishi ya wagonjwa: je, yanaeleweka, na je, msomaji anajua afanye nini baada ya kuyasoma? Kurasa nyingi hufaulu la kwanza na kuanguka la pili.

Kwa upande wa muundo, miongozo ya ufikivu ya W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, inataka tofauti ya rangi kati ya maandishi ya kawaida na mandharinyuma isipungue 4.5 kwa 1, na maandishi yaweze kukuzwa hadi asilimia 200 bila kuvurugika. Kijivu hafifu juu ya nyeupe, ambacho wabunifu wengi hukipenda, hakimfai mtu mwenye mtoto wa jicho ambaye ndiye mlengwa. Video ziwe fupi, kila moja jambo moja, kwa mfano kubadilisha bandeji au kuweka matone ya jicho, na ziwe na maandishi chini yake kwa asiyesikia na kwa anayetazama kimyakimya wengine wamelala. Yale ya lazima yasiwe ndani ya video peke yake, kwa sababu bando linaweza kuisha au mtandao ukawa dhaifu. Ukurasa wa dalili za hatari uwe maandishi matupu, mwepesi, wenye namba ya simu inayopigika kwa kuguswa, na uwe unaweza kuchapishwa kwenye karatasi moja.

Hatua ya sita: ufikishe, na usimwachie mgonjwa autafute

Kumpa mtu anwani ya tovuti hakutoshi. Mfungulie ukurasa kwenye simu yake mwenyewe akiwa bado mbele yako, uhifadhi, na umwonyeshe mahali pa kubonyeza. Msimbo wa QR kwenye kadi ya miadi husaidia, mradi chini yake kuwe na anwani fupi kwa ambaye simu yake haisomi misimbo. Halafu tuma viungo kwa nyakati tofauti: wa dawa wiki moja kabla, wa kula na kunywa siku moja kabla, na wa usiku wa kwanza jioni ya siku ya upasuaji. Huu wa mwisho utumwe pia kwa msindikizaji, kwa idhini ya mgonjwa. Kituo kisicho na mfumo wa kutuma ujumbe wenyewe kinaweza kuanza na muuguzi mmoja mwenye orodha ya kesho.

Kuna jambo la heshima hapa ambalo watu wa kompyuta hawalioni daima. Simu nyingi hutumiwa na zaidi ya mtu mmoja, na ujumbe huonekana kwenye kioo hata simu ikiwa imefungwa. Ujumbe unaosema "maelekezo ya kufunga kizazi" unaweza kumletea mtu matatizo nyumbani. Andikeni "maelekezo ya miadi yako" na jina la upasuaji libaki ndani ya ukurasa. Ukurasa wenyewe usidai jina, namba ya kadi wala kujisajili; mtu asome na kuondoka.

Asiye na simu janja, au asiyesoma, apewe yaleyale kwa karatasi yenye michoro na kwa mdomo, naye asihudumiwe mwisho wa foleni kwa kuwa anachukua muda. Muda mliouokoa kwa wale wanaojisomea ndio wake.

Hatua ya saba: hakikisha ameelewa kwa kumwomba akueleze yeye

Swali la "Umeelewa?" lina jibu moja tu, nalo ni ndiyo, hasa mbele ya mtu aliyevaa koti jeupe. Mbinu inayofaa ni kumwomba mgonjwa arudishe maelezo kwa maneno yake, na kulibeba jukumu la kutoeleweka wewe mwenyewe. Sema: "Mama, nataka kujua kama nimeeleza vizuri. Kesho alfajiri ukiamka, utafanya nini kuhusu dawa yako ya sukari?" Au umgeukie aliyekuja naye: "Kaka, ikifika usiku ukaona bandeji imelowa damu, utaanza na lipi?" Akikosea, rekebisha, kisha muulize tena, kwa sababu kurekebisha bila kuuliza tena ni kurudi palepale. Maswali matatu yanatosha: la chakula, la dawa, na la dalili za hatari.

Jambo hili lifanyike hata kwa mtu aliyekwambia kwamba amesoma tovuti yote. Kusoma kwake hakuchukui nafasi ya ridhaa. Ridhaa ni mazungumzo na daktari atakayempasua, ambamo mgonjwa ana haki ya kuuliza na ya kukataa, na ukurasa unamsaidia tu kuingia katika mazungumzo hayo akiwa na maswali yake tayari. Mfundisheni kuyaandika na kuja nayo.

Hatua ya nane: jaribu, kisha pima kinachomgusa mgonjwa

Kabla ya kuutangaza ukurasa, wape wagonjwa wachache wa rika na elimu tofauti, na ukae nao kimya wakiutumia. Wape kazi: "Tafuta kama unaruhusiwa kuoga kesho kutwa." Usiwaelekeze. Mahali wanapokwama ndipo ukurasa ulipo na kasoro, hata kama kila mtaalamu aliyeusoma aliusifu.

Baada ya kuanza kutumika, idadi ya waliofungua ukurasa isiwaridhishe. Hesabuni upasuaji ulioahirishwa siku yenyewe kwa sababu mtu alikula au alikuja bila msindikizaji, simu za usiku wa kwanza na maswali yake, na wagonjwa waliorudi idara ya dharura katika siku za mwanzo, kisha mlinganishe na miezi iliyotangulia. Simu zinaweza kuongezeka, na huenda hiyo ikawa dalili njema: mtu aliyesoma kwamba kigimbi kilichovimba si cha kupuuzwa amepiga badala ya kungoja. Ndiyo sababu lile daftari la simu liendelee kuandikwa.

Hatua ya tisa: upe ukurasa mtu wa kuujibia

Kila ukurasa uwe na mtu mmoja anayeujibia, kwa cheo chake, na tarehe ya mapitio inayoonekana chini. Mara moja kwa mwaka ndiyo kiwango cha chini, lakini yapo yanayodai mabadiliko ya siku hiyohiyo: kanuni mpya ya kufunga kula, dawa mpya iliyoanza kutumika, namba ya simu iliyobadilishwa. Mabadiliko yakifanywa, waarifiwe wote wanaotoa maelekezo kwa mdomo, kuanzia mapokezi hadi chumba cha kuzindukia, na karatasi za zamani zikusanywe kutoka kwenye droo na kuchanwa, kwa maana karatasi ya miaka mitatu iliyopita ina nguvu ileile mkononi mwa mgonjwa kama ukurasa wa leo. Na angalau mara moja kila mwezi, mtu wa kituo apige ile namba ya dharura iliyoandikwa kwenye tovuti, usiku wa manane siku ya mapumziko, akitumia simu ya kawaida kama mgonjwa angefanya, na aandike kama ilipokelewa, baada ya muda gani, na kama aliyeipokea alijua cha kumwambia.